Ukisikia kwa Vinywa Viwili

Habari ya kifo cha Ramazani ilinikuta asubuhi nikitafuta kiatu chini ya kitanda, na kabla sijakipata ilikuwa imeshanifikia tena na tena. Mpwa wake aliituma kwenye kikundi cha simu cha watu wa Rumonge. Mtu mwingine akaichukua akaitia kwenye kikundi cha wauza mawese, mwingine kwenye kikundi cha msikiti ambacho mpaka leo sijui nani aliniingiza humo mimi Mkristo, na binamu zangu walioko Uvira wakanirudishia picha ileile wakidhani mimi ndiye nisiyejua: Ramazani amevaa kofia, amekunja uso, na pembeni yake wamemwekea mishumaa ya kuchorwa ambayo angewauliza ni ya nini. Simu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka. Halafu zikaja pole, kila mtu kwenye kila kikundi, pole kwa familia, amina, amina. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni nikacheka kwanza, Mungu anisamehe, maana nilijua angesema nini. Angesema tumewamalizia watu betri bure. Kisha nikalia mpaka jirani yangu hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, akaja kugonga mlango.

Wajukuu zangu wameniomba mara nyingi niandike habari za maisha yangu, nami kila mara nimewakimbia. Sitaanza na wazazi wangu, waache wapumzike. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka wa vita niliokaa Rumonge katika chumba cha nyuma ya ghala la mawese, kazi yangu ikiwa kusema maneno machache kwenye redio ya mkononi asubuhi na jioni, halafu kunyamaza. Nilikuwa msichana wa maneno mengi, na uzee haujanipunguzia. Kunyamaza nilifundishwa na Ramazani, na sijui kama kwa hilo nimemshukuru zaidi au nimemlaani zaidi.

Chumba kile hakikuwa na dirisha, kilikuwa na tundu la matofali machache yaliyoachwa wazi karibu na paa. Kuta zilikuwa zimenyonya mafuta kwa miaka, ukiegemea unainuka na doa la rangi ya chungwa ambalo sabuni hailiwezi. Palikuwa na kitanda, meza, jiko la makaa, na nje kamba ya kuanikia nguo iliyokatiza ua mzima. Ndani ya kamba hiyo Ramazani alikuwa ameficha waya wa antene, ndiyo maana nilikatazwa kuanika mashuka mazito. Nilikula humohumo, ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa kwa mawese, na mboga ya lengalenga ikipatikana. Upande wa pili wa ukuta wanunuzi wa mafuta waliongea bila kujua kwamba kuna mtu: nani ameuawa barabarani, mlima gani umechomwa, askari gani anataka bidoni la mafuta bure. Nusu ya habari nilizozipeleka hewani nilizisikia pale ukutani nikiwa na tonge mdomoni.

Ramazani alikuwa fundi wa mota za mitumbwi, mtu mrefu, mwepesi wa hasira, mikono haikosi grisi. Alikuwa akitengeneza mashua ya wageni fulani waliokuja na mradi wa misaada, na siku walipoondoka mbio kuelekea Bujumbura walimwachia funguo za nyumba, wakasema watarudi. Hawakurudi. Ndani ya nyumba kulikuwa na kasha la tokiwoki, zile redio ndogo ambazo unabonyeza kitufe ndipo usikike na kukiachia ndipo usikie. Betri zake zilitaka kuchajiwa na umeme haukuwapo, basi Ramazani akazifungua moja moja, akaziunganishia vibweta vya mawe ya tochi, maana mawe ya tochi hata vita haikuyamaliza madukani. Kisha akazigawa. Moja ilibaki kwangu. Moja alipewa Lubunga, mvuvi kutoka ng'ambo, upande wa Fizi, mtu wa utani mwingi aliyekaa majini kuliko nchi kavu. Moja ilipanda mlimani kwa Seserina, mjane aliyelima upande wa Bugarama na ambaye kutoka shambani kwake aliiona barabara vizuri. Nyingine zilikwenda kwa wavuvi na wakamua mawese kando ya ziwa. Na moja ilikwenda Kigwena, kwa dada yangu Riziki, aliyeolewa huko kwenye ukingo wa msitu. Mume wake alikuwa amekwama ng'ambo, Kigoma, naye aliishi na mama mkwe wake, Bibi Matirida, na mtoto wa kwanza ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Riziki ndiye ndugu pekee niliyekuwa nimebaki naye upande huu wa ziwa, na mwaka mzima ule sikuwa na ombi lingine kwa Mungu ila dada yangu asikie neno kwa wakati, akimbie, aishi.

Kazi ya redio zile ilikuwa hiyo tu, kuwaambia watu waondoke kabla ya bunduki kufika. Tulizificha ndani ya magunia ya chumvi, kwani wenye silaha wa upande wowote wangemkuta nayo mtu wangemuua kwa ujasusi. Sauti ya redio moja haikwenda mbali. Milima iliizuia, michikichi iliinyonya, na wenye kuzishika hawakukaa mahali pamoja. Leo Lubunga alivua karibu, kesho samaki walimpeleka mbali. Familia zililala msituni wiki hii, wiki ijayo ufukweni. Hakuna aliyeamka akijua ni nani siku hiyo atamsikia nani, kwa hiyo neno lilipaswa kudakwa na kurushwa tena, redio hadi redio, mpaka limfikie wa mwisho. Tuliona ni jambo rahisi: kila anayesikia arudie. Nani angekosea hapo?

Tulikosea kwa adabu. Kwetu mtu haanzi neno bila salamu ya amahoro na hapokei neno bila shukrani ya murakoze, na kumwacha mwenzako aseme bila kumwitikia ni kumdharau yeye na waliomzaa. Kila jioni hewa yetu ilijaa: amahoro Rumonge, amahoro Seserina, watoto hawajambo, umesikia, nimesikia, Mungu akubariki, na wewe pia. Mimi niliipenda fujo ile. Ndani yake, maji yakitulia, nilikuwa nasikia sauti ya Riziki kutoka Kigwena, hafifu, ikivuta mwisho wa maneno kama alivyozoea: "Minasikia, mudogo wangu, ulale muzuri." Nami nililala vizuri.

Halafu asubuhi moja Seserina aliona watu wenye silaha wakiteremka kuelekea mtoni, mahali ambapo familia nyingi zilizokimbia makwao zilikuwa zimejenga vibanda. Alisema waziwazi: wanateremka mtoni, watu wa mtoni waondoke. Nikarudia. Lubunga akarudia. Kila mtu akarudia kwa wakati mmoja, na kila aliyesikia akashukuru, na waliosikia nusu wakauliza, na waliosikia shukrani wakadhani kuna habari nyingine wakaiulizia nayo. Redio mbili zikibonyezwa pamoja husikii maneno ya yeyote, unasikia mkwaruzo mkali unaoumiza sikio. Zilibonyezwa zote. Ramazani aliniambia niwapigie kelele wanyamaze, na kelele yangu ikawa kelele nyingine juu ya kelele. Watu wa mtoni walikuwa na redio, na walikuwa wameiwasha. Tulipokwenda kuzika tuliikuta karibu na kijana aliyekuwa ameishika, bado inakwaruza, maana hata saa ile kulikuwa na watu wanaulizana hewani kama watu wa mtoni wamesikia.

Ramazani hakula siku ile wala iliyofuata. Baadaye akawaita wote wenye redio waje chumbani kwangu, kila mmoja kwa njia yake, wakijifanya wamekuja kununua mafuta. Riziki alikuja juu ya baiskeli ya kukodi, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi, akanikumbatia akaniambia nimekonda, jambo ambalo lilikuwa kweli kwetu sote. Nilipika ndagala zote nilizokuwa nazo. Walikula kwenye sinia moja, na Ramazani, ambaye hakuketi, akasema watu wa mtoni hatukuwaua sisi, lakini sisi ndio tuliowaziba masikio. Kuanzia siku hiyo hakuna amahoro hewani, alisema. Hakuna murakoze. Hakuna kuitika. Neno likitoka, kila mmoja angoje kwanza, na kila mmoja apewe idadi yake ya pumzi za kungoja, wasigongane. Wa majini wangoje kidogo, kwa kuwa sauti yao inateleza juu ya maji na kufika mbali. Wa nchi kavu wangoje zaidi. Na wakati wa kungoja ni wa kusikiliza.

"Ukisikia neno kwa vinywa viwili, nyamaza," alisema. "Hata kama ulishafungua mudomo, funga. Yule ungemwambia wewe, ameshaambiwa."

Kulikuwa na ubishi mrefu. Lubunga aliacha utani wake akasema kwamba kunyamaza unapoitwa ni kazi ya maiti. Seserina aliuliza, sasa akitoa neno kule mlimani na asiitikiwe, atajuaje kama wamesikia? Ramazani akamjibu kwamba hatajua. Atajua amesema na mwingine amesema, basi. Walinung'unika, mmoja akasimama akitaka kurudisha redio yake. Hapo Riziki, aliyekuwa ameketi kwenye kitanda changu akinyonyesha, akasema kwa upole: "Munipe mimi pumzi mingi kuliko wote. Nyuma yangu hakuna mutu wa redio, iko musitu tu. Nitasema kama nyinyi wote mumeshindwa." Ramazani alimtazama, akasema huyo ndiye aliyeelewa. Nilivimba kichwa, dada yangu kusifiwa mbele za watu. Sikufikiria kwamba nimekubali nisimsikie tena.

Na sheria ile ilifanya kazi, nataka hilo lieleweke. Juzi nilikwenda Rumonge kwa matanga ya Ramazani, nikaketi mkekani na wanawake, na kupitia dirishani nikawasikia vijana wakimsifu kwa mota alizozifufua, na namna alivyotukana wateja. Hakuna aliyejua habari ya redio. Wengine wao walikuwa na umri wa kuwa walibebwa migongoni mwaka ule, na wako hai kwa sababu mama zao waliambiwa mapema. Nilitaka kusimama niwaambie, nikaona macho yangu hayataniruhusu. Mara ya kwanza baada ya sheria ile, Seserina aliona moshi, akasema. Lubunga akarudia. Mkamua mawese mmoja, ambaye sauti ya Seserina haikumfikia lakini ya Lubunga ilimfikia, akarudia naye. Kisha kimya. Watu wakaondoka, na waliokutwa na bunduki ni mbuzi tu. Ikawa hivyo na safari iliyofuata, na nyingine. Mawe ya tochi yalidumu. Wenye silaha, kama walikuwa wanasikiliza, waliambulia maneno mawili matatu ya kupita.

Lakini Riziki hakusikika. Ndivyo ilivyotakiwa: pumzi zake zilikuwa nyingi, na kabla hazijaisha vinywa viwili vilikuwa vimeshasema. Mwanzoni nilijituliza kwa hilo. Kila jioni nilitoa habari ya siku, njia ipi imefungwa, nani asipite wapi, nikaachia kitufe, nikamsikia Lubunga, nikamsikia na mwingine, halafu nikaibana redio sikioni na kusikiliza hewa tupu, nikijiambia kwamba ndani ya kimya kile dada yangu anahesabu pumzi zake. Siku moja nilikuwa uani naosha sinia, wazo likanijia lenyewe: kimya cha mtu anayetii na kimya cha mtu ambaye hayupo, sikioni ni kimya kilekile. Nikaketi chini penye maji machafu. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilichukia kila sauti iliyotoka kwenye redio kwa sababu haikuwa ya kwake.

Nilianza kuwasumbua watu. Lubunga alipokuja kuchukua mawe ya tochi nilimuuliza kama amewasikia Kigwena, akasema Kigwena wanafuata sheria kutushinda sote, dada yako angefaa jeshini. Wauza samaki waliokuwa wakipita kule hawakupita tena. Barabara ilikuwa vizuizi vitupu, na mitumbwi iliyojaribu kutia nanga kando ya msitu ilipigwa risasi. Ramazani naye, kila alipomkemea mtu aliyerudia neno bila haja, alimwambia ajifunze kwa Kigwena. Nilimfuata penye karakana yake nikamwomba aniruhusu nimwite Riziki mara moja tu, jina lake tu, aitike, basi. Alikuwa amelala chali chini ya mota, nikawa naongea na miguu yake.

"Faida," alisema, "nikikuachilia wewe uite dada yako, Lubunga ataita batoto wake, Seserina ataita kaka yake. Wote wako na watu. Tutarudi palepale pa mutoni."

Nikamwambia ni rahisi kwake kwa kuwa yeye hana mtu. Alitoka chini ya mota taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaniambia kwamba yule kijana tuliyemkuta na redio mtoni alikuwa ndugu yake wa mama mmoja. Yeye ndiye aliyempa ile redio. Alikuwa amemzika mbele yetu sote pasipo kusema. Nilirudi chumbani kwangu, na kwa siku nyingi sikuweza kumtazama usoni.

Hata hivyo jioni moja nilishindwa kujizuia. Nilipomaliza habari ya siku, kabla sijaachia kitufe, niliongeza upesi: Kigwena, mtoto ameota meno? Lubunga aliirudia habari akaliruka swali, kwa kunihurumia. Mkamua mawese akarudia baada yake. Halafu hewa tupu. Nilishikilia redio sikioni mpaka mkono ukafa ganzi. Ramazani alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na nilijiandaa kutukanwa. Aliniambia tu nile, ugali unapoa.

Kiangazi kilipoanza, mapigano yalihamia kusini, kati yetu na Nyanza-Lac. Lubunga ndiye aliyeona, akiwa majini: watu wengi wenye silaha wanatoka barabarani kuingia Kigwena. Alisema. Mimi nikarudia, mwingine akarudia, vinywa vikatosha, na Kigwena ikanyamaza kama ilivyozoea. Tulisikia milipuko mpaka Rumonge. Ukuta wa ghala ulitikisika na mafuta yakachezacheza ndani ya mapipa, na wanunuzi upande wa pili wakaambiana kwamba kule hakutabaki mtu. Niliziba masikio, nikayazibua, nikaogopa kukosa sauti yake kwenye redio. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sikuwa navyo. Seserina, kule mlimani, alisema moshi ni mwingi. Hakuna aliyerudia neno hilo, maana halikuwa na faida kwa mtu.

Barabara ilipofunguliwa, kwa waendao kwa miguu tu, nilijiunga na wanawake waliokuwa wanapeleka chumvi kusini. Ramazani alinipa mawe mapya ya tochi nimpelekee Riziki. Aliniambia nikifika nisiseme kitu hewani, hata jina langu, nirudi tu salama. Nilimwahidi. Njia nzima machikichi yaliyoiva yalikuwa yameanguka yenyewe na kuoza chini ya miti, kwa kukosa wa kuyachuma, na harufu yake ya kuchacha ilitufuata. Nyumba nyingi hazikuwa na mabati.

Nyumba ya Riziki ilikuwa imesimama. Nilipoiona nilianza kukimbia na chumvi kichwani. Bibi Matirida alikuwa uani, mtoto amembeba kwa kitenge ambacho nilikijua, cha Riziki, na mtoto alikuwa mzima, mashavu yamejaa, anatafuna ganda la ndizi. Nikacheka kwa sauti, nikaita dada, dada weye, minafika. Bibi Matirida hakunisalimia. Aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka kivulini. Akaleta maji kwenye bakuli akaninawisha mikono yeye mwenyewe, mama mkwe wa dada yangu kuninawisha mimi. Kisha akamwita jirani aje aketi upande wangu wa pili. Hapo nilijua. Kwetu mtu hakalishwi namna ile kwa habari nyingine.

"Kunywa kwanza," alisema. Nikanywa. "Riziki wetu alishakufa, mwana wangu. Ni malaria, ilimupanda mu kichwa. Dawa haikuwako, njia haikuwako. Tulimuzika hapa nyuma, mahindi ingali mafupi."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mabua yake makavu yalikuwa mbele ya macho yangu, na nyuma yake, kwenye udongo ambao ulikuwa umeshaanza kuota majani, walinionyesha. Kumbe jioni ile nilipouliza meno alikuwa ameshalala pale. Kumbe kimya kile tulichokuwa tunakitolea mfano kwa watu, Lubunga na Ramazani na mimi mwenyewe, kilikuwa kimya cha nyumba yenye msiba. Bunduki zote zile nilizoziogopa, na dada yangu aliuawa na homa ambayo kidonge kingeituliza. Nilipiga ukelele. Wanawake wakanishika ili nisijiangushe, nikajiangusha hivyohivyo.

Nilipopata sauti niliwauliza kwa nini hawakusema. Redio ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya mlango, imepanguswa, nilikuwa naiona. Bibi Matirida alisema Riziki, alipoona homa inamzidi, alimfundisha kuiwasha na kuizima, na tangu hapo hakukosa asubuhi wala jioni. Lubunga aliposema kwamba wanaingia Kigwena, alimfunga mtoto mgongoni, akawapitia majirani mlango kwa mlango, wakaingia msituni wote. Ndiyo maana walikuwa hai, na mtoto alikuwa hai.

"Na wewe nilikuwa nakusikia," alisema. "Uliuliza meno. Nilimufungua mutoto kinywa nikaangalia, nikataka kukwambia iko. Lakini Riziki alisema, mama, ukisikia kwa vinywa mbili, nyamaza. Na kufa haisemwi mu mashine, mwana wangu, watu yote wanasikia, hata wenye kutuua. Kufa inapelekwa na miguu. Inasemwa na mutu amekaa karibu yako. Nilikuwa nangoja njia."

Alikuwa ameishika habari ile kifuani muda wote huo, peke yake, akisikia sauti yangu kila jioni ikiongea bila kujua. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilimpokea mtoto, nikamlaza kifuani, akanivuta sikio.

Jua lilipokaribia milima ya ng'ambo, Bibi Matirida alisimama akaiteremsha redio msumarini, akaiwasha kama kila siku. Maji yalikuwa yametulia. Ramazani alikuwa anatoa habari ya siku mahali pangu, sauti yake ikija kwa mbali: njia ya Kigwena iko wazi kwa miguu, mota zisipite. Lubunga akarudia. Mwingine akarudia. Kikaja kimya tulichokizoea. Halafu, ndani ya kimya hicho, sauti ya Ramazani ikarudi.

"Faida. Ulifika? Riziki iko?"

Tangu alipotupa sheria hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza kitu hewani. Nilijua redio zote kando ya ziwa zimewashwa saa ile, na kila aliyeishika amesikia swali hilo na ameshika pumzi. Bibi Matirida alinitikisia kichwa, kwamba si mu mashine, nami nilijua ana haki. Lakini nilikuwa natoka kwenye kungoja, nilikuwa nimekaa humo mwaka mzima, na sikuweza kumwacha mtu mwingine angoje vilevile. Nilichukua redio. Nikabonyeza, nikasema Riziki alishakufa, nikaachia.

Hakuna kilichorudi. Niliibana sikioni nikasikia hewa tupu, nikadhani sauti yangu haikutoka, au imeishia kwenye michikichi. Sikuweza kubonyeza tena. Bibi Matirida alinitazama. Alinyoosha mkono akaitoa redio vidoleni mwangu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakitafuta kitufe kwa kidole gumba.

"Ni kweli," alisema. "Riziki alishakufa. Tulimuzika."

Akaachia kitufe. Hakuna aliyejibu, si Rumonge, si majini, si mlimani. Walikuwa wamesikia kwa vinywa viwili.